Kushuka Baiskeli kwa Shikamoo

Biashara huria iliporuhusiwa na baiskeli mpya zikajaa madukani, shangazi yangu alinunua moja, akawa anaiendesha kutoka Mandewa hadi gulioni Mtinko na tenga lake la kuku. Nilimhusudu. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nafundisha kwa muda upande wa pili wa mji, na mwalimu mkuu alishanionya kwamba nikichelewa tena, kazi basi.

Shangazi akasema nitumie baiskeli. Nikakosa amani. Kwetu huwezi kumwamkia mzee ukiwa juu ya baiskeli, unashuka kwanza. Nikishuka kwa kila mzee nitachelewa, nisiposhuka watasema chuo kimenipa kiburi. Nikamweleza hivyo shangazi.

"Sasa mimi Mtinko nafikaje, we msomi? Panda!" akanijibu.

Nikakaa kwenye keria. Kwa wazee wa kwanza tukashuka wote wawili, tukaamkia, tukapanda. Mbele kidogo, tena. Hakukunja uso hata mara moja. Kisha bibi mmoja muuza karanga akatuona kwa mbali, akapaza sauti: "Marahaba! Usishuke, mama, mpeleke mwalimu wetu!" Wazee waliofuata wakadakia, "Marahaba! Piteni!" hata hatujawaamkia.

Tulifika kengele haijapigwa.

"Mimi nimeshuka siku zote mpaka wamenihurumia," shangazi alisema huku akihema. "Kesho anza kushuka zako."

Kesho yake nilitoka alfajiri na baiskeli, peke yangu, nikashuka kwa kila mzee.