Pembea ya Masanduku na Eda Yangu ya Pili

Nilitoka eda siku tatu kabla ya Idd Kubwa. Miezi minne na siku kumi nilikuwa ndani, katika nyumba ya mavyaa, mama yake mume wangu, huko Mkunazini. Mume wangu alikuwa mchukuzi bandarini Malindi. Siku moja alirudi mchana akasema kichwa kinamuuma, na siku ya nne tukamzika. Sitaandika zaidi juu ya kufa kwake, kwa sababu mengine niliyasikia kwa watu na siyajui kwa hakika.

Tulikuwa tumeoana miaka miwili na hatukupata mtoto. Nilipoingia eda, damu yangu ilikatika. Mavyaa aliniuliza mwezi wa kwanza, nikamwambia sijaona. Mwezi wa pili nikamwambia vile vile. Akaitwa mkunga wa mtaani, akanipapasa tumbo kwa muda mrefu, kisha akasema, "Sisemi mimba ipo, sisemi haipo. Huzuni nayo hukausha damu." Tumbo halikukua. Mwezi wa nne tukaacha kulizungumza, siku zikatimia, nikatoka.

Skukuu mosi nilikaa ndani kwa hiari yangu. Skukuu pili, baada ya alasiri, akaja wifi yangu. Yeye ndiye dada pekee wa marehemu, mwanamke wa maneno mengi, aliyeolewa mtaa wa pili.

"Wifi," akasema, "umekaa humu mpaka umeanza kufanana na ukuta. Vaa buibui twende Mnazi Mmoja."

"Nikafanye nini?"

"Ukakae huko, badala ya kukaa hapa."

Mavyaa hakukataa. Alisema tu tusichelewe.

Kiwanja kilikuwa kimejaa. Watoto walikuwa wanapuliza vipenga na kuvuta magari ya bati, nguo zao mpya zikinuka duka. Wifi alininunulia sahani ya mbatata za urojo, na baadaye ubuyu. Nilikula vyote. Tangu msiba sikuwa nimekula chakula nikakisikia ladha yake, na siku ile nilikisikia. Kisha akanivuta mpaka kwenye pembea.

Ilikuwa pembea ya masanduku. Gurudumu kubwa la mbao lilisimama wima, na masanduku manne yalining'inia humo, kila moja la kukaa watu wawili. Hapakuwa na mashine. Wanaume wawili walilizungusha kwa mikono, mmoja upande huu na mmoja upande ule, wakilidaka sanduku linaposhuka na kulisukuma lipande tena. Nilipoliona nilirudi hatua moja nyuma. Nikamwambia wifi naogopa.

"Kila mtu anaogopa. Ndiyo raha yake. Wewe fumba macho tu."

Nilifumba macho, na huko kufumba ndiko kulikoniponza. Sanduku lilipanda nikajiona kama ninasukumwa kwa nyuma, lilipofika juu likasita, halafu likashuka na tumbo langu likawa kooni. Nilishika ubao wa mbele kwa mikono miwili. Yule mwanamume wa upande wetu aliniona tulipopita mbele yake.

"Dada, fumbua macho," akasema. "Tazama kitu kilicho mbali, usitazame chini. Na upumue, usizuie pumzi."

Nikafumbua. Nikalitazama kuba la nyumba ya makumbusho, na kweli nikapata nafuu. Kila tulipofika juu nilikuwa nalitafuta kuba. Katika mzunguko mmoja, sijui wa ngapi, nilicheka. Naliandika hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilicheka kwa sauti, mjane wa siku tano nje ya eda, na mara baada ya kicheko roho ikanichafuka vibaya kuliko mwanzo. Sikuelewa kama ni pembea iliyonichafua au ni kule kucheka.

Tuliposhuka nilitembea hatua nne au tano nikatapika. Wifi alinishika paji la uso. Nilipoinua kichwa niliwaona wanawake wawili wa mtaani kwetu wamesimama. Mmoja alinitazama, akamtazama mwenzake, na nikaona vidole vyake vinahesabu juu ya buibui.

Sijui walipita njia gani, lakini habari ilifika nyumbani kabla yetu. Mavyaa alikuwa amesimama mlangoni.

"Umetapika?"

"Nimetapika, mama."

"Umetapika nini?"

"Mbatata, mama. Na ubuyu."

"Sikuulizi chakula."

Wifi akaingia kati. "Mama, ni pembea ile. Hata mie roho ilinichafuka."

"Ulitapika?"

"Sikutapika, lakini…"

"Basi."

Alinipeleka chumbani akafunga mlango, akakaa kitandani kando yangu. Hakuwa na hasira. Aliniambia kwamba kama nina mimba ya mwanawe, basi eda yangu haikwisha, kwa kuwa eda ya mwenye mimba haihesabiwi siku, huisha kwa kujifungua. Tumekosea kunitoa, alisema. Akanivua kanga mpya niliyovaa kwa skukuu akanipa zile nyeupe za eda, ambazo alikuwa bado hajazigawa. Baada ya skukuu, alisema, tutakwenda hospitali wanipime, maana siku za skukuu hapakuwa na wa kunipima.

Mtoto wake wa kiume alikuwa mmoja tu. Watoto wa wifi ni wa ukoo wa baba yao. Nililijua hilo, na nilijua anachokitaka. Nilichokuwa sikijui ni ninachokitaka mimi.

Skukuu tatu nilishinda chumbani nikijisikiliza. Tumbo likinguruma nilikuwa nasimamisha kila kitu nisikie. Nilikuwa na njaa, na njaa nayo ikawa dalili. Nilipoona usingizi, usingizi ukawa dalili. Mchana nikaona nijipime mwenyewe. Nilisimama katikati ya chumba nikajizungusha kama wafanyavyo watoto, mara kumi, mara kumi na tano. Nilipata kizunguzungu nikashika nguzo ya kitanda, lakini sikutapika. Nikafurahi kwamba kumbe si pembea, ni mtoto. Kisha nikaogopa kwamba nimefurahi. Kisha nikajizungusha tena.

Wifi akafungua mlango akanikuta hivyo.

"Unafanya nini?"

"Nnajaribu."

"Unajaribu nini, Mungu wangu? Utaanguka."

Nilimweleza. Hakunicheka. Alikwenda kumweleza mama yake, na baada ya muda mavyaa akaja mwenyewe.

"Huwezi kujijaribu wewe," akasema. "Wewe ndiye mwenye shaka. Ajaribu mtu asiye na shaka. Kesho nitapanda mie."

"Utapanda nini?" wifi akauliza.

"Hiyo pembea. Kama inaweza kumtapisha mtu asiye na kitu tumboni, nitajua."

"Mama, una umri gani wewe?"

"Umri wa kujua kwamba tumboni mwangu hamna mtu."

Skukuu nne tukaenda, sisi watatu. Mavyaa alisema kutoka kwangu kuna haja, na eda yenyewe ina shaka, kwa hiyo si dhambi nikienda nikashuhudia. Tulipofika aliuliza nilikula nini siku ile. Wifi akamwambia. Akaagiza hivyo hivyo, sahani ya mbatata za urojo na ubuyu, akala vyote amesimama, bila ya kusema neno, kama mtu anayekunywa dawa. Wifi akatoa ndimu kwenye mkoba.

"Nusa hii, mama, inazuia kichefuchefu."

"Yeye alikuwa nayo?"

"Hakuwa nayo."

"Basi irudishe."

Yule mwanamume wa pembea alikuwa yule yule. Alimwamkia mavyaa shikamoo, kisha akatutazama mimi na wifi, akidhani mmoja kati yetu ndiye mpandaji.

"Nnapanda mie," mavyaa akasema.

"Bibi, wewe?"

"Imeandikwa kwamba nisipande?"

"Haikuandikwa. Nitakuendesha taratibu."

"Usiniendeshe taratibu. Nizungushe kama ulivyomzungusha huyu."

Alikaa sandukuni na wifi pembeni yake. Mimi nilibaki chini, nimeshika mwavuli wake. Gurudumu likaanza.

Nilimtazama kila aliposhuka mbele yangu. Hakufumba macho. Alikuwa ameuma midomo, na mikono yake, iliyozoea kubeba, imeshika ubao mpaka mishipa imesimama. Nilianza kuomba. Kwanza niliomba asitapike, ili iwe kweli nina mtoto wa mume wangu na nibaki katika nyumba ile. Sanduku likazunguka, nikaomba atapike, ili iishe, nijue kwamba mume wangu amekufa kweli na hakuniachia kitu. Likazunguka tena nikawa sijui ninaomba lipi. Nilikuwa natamka dua tu. Sijawahi kuomba hivyo tena, na sina hakika kama ile ilikuwa dua.

Alishuka bila ya kushikwa mkono. Alinyoosha buibui lake.

"Vipi, mama?" wifi akamuuliza. Yeye mwenyewe uso ulikuwa umempauka.

"Sikuona kitu."

"Hata kidogo?"

"Upepo tu."

Akasema ngojeni hapa, amemwona mtu anayemjua. Akaenda upande wa vibanda vya soda, hatua zake za kawaida. Nilikuwa bado nina mwavuli wake na jua lilikuwa kali, nikamfuata nimpe. Nyuma ya kibanda cha mwisho nilimkuta ameinama, mkono mmoja ukutani, anatapika. Mgongo wake wote ulikuwa unatikisika. Hakutoa sauti, na nilifahamu kwamba anajizuia isisikike. Nilirudi nyuma nikaenda kusimama na wifi.

Alirudi akiwa amejifuta. Tulikwenda nyumbani kwa miguu, na njiani alikutana na wale wanawake wawili wa mtaani, akawaambia bila ya kuulizwa kwamba amepanda pembea na haikumfanya chochote.

"Basi lake ni jambo jingine," mmoja akasema, akinitazama tumbo.

"Ni jambo jingine," mavyaa akajibu.

Mimi ambaye mume wangu alikuwa akinitania kwamba siwezi kuficha hata sukari iliyomwagika, nilinyamaza. Nilijiambia nitasema tukifika nyumbani. Tulipofika alinitandikia kitanda. Nilijiambia nitasema kesho.

Siku zikawa wiki. Habari ya hospitali haikutajwa tena, wala mimi sikuitaja. Alikuwa ananiletea yai kila asubuhi, na mayai siku zile hayakuwa kitu cha kupatikana hivi hivi. Na alianza kunihadithia habari za mwanawe. Tangu msiba hatukuwahi kumzungumzia. Kila mmoja alikuwa na kilio chake chumbani mwake. Sasa alikaa nami baada ya adhuhuri akaniambia alivyochelewa kutembea, alivyokuwa anaogopa jogoo, alivyorudi kutoka bandarini siku ya kwanza ya kazi begani pamechubuka akakataa kuonyesha. Nilikuwa nasikiliza na mkono uko juu ya tumbo. Nilikuwa ninajua nilichokiona nyuma ya kibanda, na bado kuna nyakati nilikuwa naamini. Sijui mtu anawezaje kufanya yote mawili, lakini nilifanya.

Wiki ya tatu, asubuhi, damu yangu ikaja.

Nilikaa nayo mpaka saa nne. Kisha nikaenda uani. Mavyaa alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikachutama mbele yake.

"Mama, nimeona siku zangu."

Mkono wake ulisita, kisha ukaendelea.

"Nilikuona siku ile," nikasema. "Nyuma ya kibanda cha soda."

"Nnajua. Nilisikia makubadhi yako."

"Mbona hukusema?"

"Mbona nawe hukusema?"

Alikuna mpaka kifuu kikawa kitupu, na hata hapo akawa anaendelea kukikwangua.

"Sasa utakwenda kwenu," akasema.

"Sijui, mama."

"Sema kweli."

"Kweli ndiyo hiyo. Sijui."

Kwetu ni Nungwi. Kaka yangu alikuja kunichukua mara mbili. Mara ya kwanza nilimwambia kaka kwamba mavyaa hajisikii vizuri, jambo ambalo halikuwa kweli kabisa wala uongo kabisa, na alirudi peke yake. Mara ya pili nilikwenda naye. Mavyaa hakutoka chumbani kuniaga. Wifi alisema amelala. Ilikuwa saa tatu ya asubuhi, na nilipopita mbele ya mlango wake nilimsikia anakohoa.