Kisiwa Kilichomzuia Tata

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, mama yangu alinishika mkono tukapanda mtumbwi wa injini pale Kemondo, tukaenda kumtafuta baba yangu. Nilikuwa binti wa darasa la sita, au la tano, sina hakika. Tata, ndivyo sisi Wahaya tunavyomwita baba, alikuwa amekwenda kuvua kwenye visiwa vya Muleba, akaahidi kurudi msimu ukiisha. Msimu uliisha, ukaja mwingine, na yeye hakuonekana. Samaki walikuja, salamu zilikuja, sabuni na kitenge vilikuja. Mwenyewe hakuja.

Naona nimeanzia katikati. Nirudi nyuma kidogo.

Juzi mjukuu wangu Anitha alinipigia simu kutoka Dar. Anakuja Krismasi na wenzake wa kazini, ambao hawajawahi kufika kwetu, akaniuliza, "Bibi, niwapeleke wapi wapaone pazuri? Niambie zile sehemu zako ambazo hujazisahau." Nilicheka, maana mimi sijatembea. Nimezaliwa Nyanga, nimeolewa Buhembe, na Mwanza nimefika kwa ajili ya hospitali tu. Lakini nilipokaa nikafikiri, nikaona ninazo sehemu zangu. Kuna pale juu Kamachumu asubuhi, ukungu unapolala bondeni na wewe umesimama juu yake unasikia jogoo wa watu usiowaona. Kuna ufukwe wa mjini Bukoba jua likiwa limetoka upande wa Musira, kisiwa kikionekana karibu hata ukadhani utakifikia kwa miguu. Kuna rweya, ile nyika yetu ya nyasi tupu, baada ya mvua ya kwanza. Nilimtajia zote hizo. Ile ninayoipenda kuliko zote sikumtajia kwenye simu, kwa sababu haitajiki bila habari yake, na habari yake ndiyo hii.

Mwaka ule babu yetu, baba yake Tata, alifariki. Tata alipelekewa taarifa, lakini wakati wa mazishi ziwa lilikuwa limechafuka na hakuna chombo kilichovuka. Hapo hakuna wa kumlaumu. Baada ya mazishi wazee wa ukoo walipanga siku ya kumkalisha mrithi kwenye kiti cha marehemu. Mrithi alikuwa Tata, mtoto wa kwanza. Wakasema asipofika siku hiyo, atakalishwa mdogo wake, Ta Fideli (Ta kwetu ni heshima ya mwanaume), na kibanja chote, migomba na kahawa, kitakuwa chake. Mama na sisi watoto tuliishi humo na tulikula humo. Hatukuwa na pengine.

Ta Fideli nisimsingizie. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi, na shamba lake lilikuwa la mawe matupu. Ningekuwa yeye sijui ningefanya nini.

Watu wa Nyanga walishajua kinachomzuia Tata. Walisema ni mwanamke. Wengine walimpa hadi kabila na urefu. Shangazi yangu alimwambia Mama waziwazi, "Wewe bojo, ndugu yangu, nenda ukamwone huyo mwanamke kwa macho yako, umng'oe." Mama alikwenda kwa bibi, mama mkwe wake, akapewa kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye ganda la mgomba, kahawa ya mwisho ambayo babu aliianika mwenyewe. Siku iliyofuata tukaondoka.

Safari sikuifurahia. Nilitapika. Mvuvi mmoja alinicheka, akasema, "Mtoto wa ndizi huyu, maji anayajulia kwenye sufuria!" Kisha akanipa chungwa, kwa hiyo ucheshi wake nimeusamehe.

Tulifika mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, mchana. Kisiwa kilikuwa kidogo, jirani na Bumbire, na jina lake silitaji kwa sababu wenyewe walikuwa na majina mawili na walikuwa wakigombania lipi la kweli. Dagaa walikuwa wameanikwa kwenye mchanga kila mahali, wanang'aa kama mtu amemwaga vioo. Harufu ilikuwa kali. Palikuwa na watu wa Ukerewe, wa Musoma, wa kila upande, na Kihaya kilisikika kwa shida. Mama akajifunga khanga vizuri kiunoni kama mtu anayejiandaa kwa ugomvi, akamwendea mama mmoja aliyekuwa akiuza chai na maandazi. Aliitwa Mama Kulwa.

"Shikamoo dada," Mama akasema, ingawa yule hakumzidi umri. "Namtafuta Ta Karoli. Mimi ni mke wake. Na mwanamke wake pia namtafuta."

Mama Kulwa alimtazama, akacheka hadi akaweka birika chini.

"Mwanamke gani? Karoli hana mwanamke hapa. Sisi wenyewe tumeshangaa. Wanaume wote wa kambi hii wana mambo yao, yeye akirudi kutoka majini anakunywa chai, anakwenda kule kwenye jiwe, anakaa."

"Anakaa na nani?"

"Na nani! Na ndege. Nenda ukamwone, dada. Ukikuta mwanamke kule, mimi chai yangu naimwaga yote."

Nilidhani Mama atafurahi. Alisema kwa Kihaya, kama anayejisemea, "Afadhali angekuwa mwanamke. Mwanamke ningegombana naye. Hili ziwa nigombane nalo vipi?"

Tata alitukuta njiani, kwa sababu habari ilishamfikia. Alikuwa amekonda kidogo, na uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo nyumbani sikuwahi kuiona. Alinibeba ingawa nilikuwa mkubwa. Akatuingiza kwenye kibanda chake cha nyasi, akaanza kuhangaika huku na huku akitafuta cha kutupa, akakuta sufuria tupu na nyavu.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana wewe uliyekulia mjini pengine hujui. Kwetu mgeni akiingia, kabla ya neno lolote, mwenye nyumba anampa kahawa ya kutafuna. Ni mwenye nyumba anayempa mgeni, kamwe si kinyume chake. Mama alipiga magoti kwenye mchanga wa kile kibanda, akafungua ganda, akaweka punje kwenye kiganja, akamnyooshea Tata kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu aliyetoka mbali.

"Karibu, waitu," akamwambia, kwa neno letu la heshima. "Hii ni ya kwa baba yako. Tafuna, upumzike, halafu utuambie umetokea wapi."

Tata alizipokea zile punje. Hakuzitia mdomoni. Alikaa chini palepale, na sikumwona akilia, sisemi alilia, lakini aliinamisha kichwa juu ya kile kiganja. Mke wake alikuwa amemfanya mgeni bila kumtukana hata neno moja.

Baadaye akasema, "Njooni niwaonyeshe kwanza. Mkishaona, semeni mtakavyo."

Akatupeleka kwenye jiwe. Tulipita vichaka, tukapanda kidogo, halafu miti ikaisha ghafla na tukawa juu ya jiwe pana, jeupe kwa mavi ya ndege, limeingia ziwani. Mwanangu, sina maneno. Maji ya chini yake yalikuwa safi hata ukawaona samaki wakigeuka. Mnandi, wale ndege weusi wala samaki, walijipanga kwenye mti mkavu wametandaza mabawa yao wayakaushe, kama nguo za familia kubwa siku ya kufua. Upande wa bara tuliona milima ya Muleba ikiwa bluu, na moshi wa majiko ya watu ukipanda mmojammoja. Upepo ulikuwa hauna vumbi wala harufu. Nilihisi kama mtu amenifungua kamba ambayo sikujua nimefungwa. Tangu siku ile nimepaona pengine pazuri, lakini hapo tu ndipo nilipojisikia hivyo.

Nikasema, "Mama, na sisi tukae hapa."

Mama hakunifokea. Alikaa kwenye jiwe, akavua ndala zake, akaangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Ni pazuri," akasema. "Sikatai. Karoli, ni pazuri mno."

Tata akapata nguvu. "Nyumbani kila mgomba unaniuliza neno. Huu umeanguka, ule una funza, kahawa haijachumwa, fulani kaniloga, fulani ananidai ng'ombe wa babu yake. Hapa hakuna kinachoniuliza."

"Na mimi je?" Mama akamjibu. "Ile migomba inaniuliza mimi kila asubuhi, nikiwa peke yangu. Ulidhani ukiondoka itanyamaza?"

Tata akageuka kuitazama ile milima ya bara.

"Sikuja kukuondoa hapa," Mama akaendelea. "Nilikuja kumwondoa mwanamke, nimemkosa. Wewe penda kisiwa chako. Lakini siku imepangwa, na wazee watakaa, na kiti kitakuwa wazi. Kama hukitaki, njoo useme hukitaki, kwa mdomo wako, na useme sisi tukae wapi. Usiniache niwaambie watu kila siku kwamba unakuja. Nimechoka kukusemea."

Hilo ndilo karipio nililolisikia, mwanangu, na halikuwa langu, lakini nimelibeba maisha yangu yote.

Tata alikuja. Tulirudi naye mtumbwi mmoja, na safari hii sikutapika. Siku ya kumkalisha mrithi, uwanja ulijaa, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwepo, na wazee walikuwa wameanza kumwangalia Ta Fideli kwa namna ya kumzoea. Walipomwona Tata wakaguna. Akaitwa akae. Hakukaa. Alisimama kando ya kile kiti akasema, "Wazee wangu, mimi nimependa mahali pengine. Nilipaswa kuwaambia zamani. Mkinikalisha hapa nitawadanganya. Naomba akae mwanangu Projestus, na mama yake amwongoze mpaka awe mtu mzima."

Kelele ziliibuka. Mzee mmoja aliuliza kama amerogwa na watu wa Ukerewe. Mwingine akasema, kwa sauti ya kusikika, "Ameoa sangara!" Watu wakacheka, na Tata akacheka pia, ingawa nadhani kilimuuma. Mambo yangeweza kwenda vibaya. Ukoo ungeweza kusema mtoto wa shule hawezi, na ingekuwa haki yao, maana kaka yangu kwa kweli alikuwa bado kwenye kaptula.

Aliyeinuka ni Ta Fideli. Alikuwa ndiye wa kunufaika, na kila mtu alilijua hilo. Akasema, "Kaka amesema ukweli mbele yetu. Angekuja akakaa halafu akatoroka usiku, ningechukua bila aibu. Sasa nikichukua nitakuwa nimemwadhibu kwa kusema ukweli." Akamshika Projestus mkono, akamkalisha mwenyewe. Wazee wakakubali, wengine kwa kununa.

Tata alirudi kisiwani. Siwezi kukuambia kwamba alifanya vizuri. Kuna usiku Mama alilia, na kuna kazi za shamba ambazo mwanamke mmoja hakupaswa kuzifanya. Nikiandika hapa nasitasita, kwa sababu naogopa mtu atasoma aone ninasifia baba anayeacha nyumba. Sisifii. Lakini baada ya siku ile hatukusubiri tena. Tulijua yuko wapi na kwa nini. Pasaka alikuja, Krismasi alikuja. Likizo mimi nilikwenda kwake, nikakaa kwenye lile jiwe hadi nikajua kila ndege. Na Projestus alipokomaa, Mama mwenyewe alianza kwenda kule kiangazi, akae wiki kadhaa. Shangazi alipomuuliza anafuata nini, alijibu, "Nakwenda kumwona mke mwenzangu." Yeye na Tata walizikwa wote wawili kibanjani Nyanga, makaburi yao yakiwa jirani.

Basi, Anitha, na wewe mwanangu mwingine unayesoma, ninalotaka kusema ni hili, na nisamehe kama sikulipanga vizuri. Tembeeni. Msidharau mahali kwa sababu ni karibu na kwenu, wala msione aibu kusimama kimya mbele ya maji mkasahau simu mfukoni. Mkifika kwenye mwalo, wasalimieni wanaouza chai kabla ya kuanza kupiga picha, maana wao ndio wanaojua nani anakaa hapo na kwa nini. Na siku moja mtakuta mahali patakapowashika mioyo, huenda ni kisiwa, huenda ni mji wa mbali, huenda ni nchi ya wageni. Hakuna ubaya. Mtu haamui moyo wake upende wapi. Lakini siku hiyohiyo rudini mkaseme. Waambieni wanaowangoja, kwa midomo yenu, wakiwaangalia usoni, kwamba hamrudi, au mnarudi lini, na wao wafanye nini. Sabuni na kitenge, na siku hizi pesa za kwenye simu, si jibu. Anayengoja bila kuambiwa ndiye anayelipia uzuri mnaoufaidi.

Mungu awafikishe kila mnakotamani kufika. Awape siku nyingi za kukaa kimya mkiangalia alichokiumba, na awape ujasiri wa kusema ukweli nyumbani kabla mtu hajavuka maji kuja kuwauliza.