Zabibu Zilizomsomesha Loisi

Mimi ni mlinzi. Naitwa Mwamvua, mama yake Asma, Mrangi mzaliwa wa Kondoa, mpangaji wa Miyuji hapa Dodoma. Nimeshika bunduki ya lindo miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa siiogopi. Siku hizi naiogopa, tena naiogopa vizuri. Aliyenifundisha ni Loisi, mwanamke wa Kigogo ambaye ukimkuta sokoni na kanga yake utadhani amekuja kuuza karanga.

Tulikuwa lindo moja, kwenye ghala la mbegu kule Kizota. Asubuhi moja ya Juni tulikuwa tunabadilishana zamu. Baridi ilikuwa inauma masikio. Mimi namimina chai, Loisi ameinama anafunga kamba za buti. Ludovick, mwenzetu aliyekesha, akainua shotigani amkabidhi Loisi.

"Haina kitu hii," akasema, na akabonyeza triga kutuonyesha kwamba kweli haina kitu.

Mlio sikuusikia. Watu hawaniamini nikisema hivyo. Niliona vumbi tu, kikombe changu kiko chini, na Loisi ameketi sakafuni miguu imenyooka mbele kama mtoto. Juu kidogo ya kichwa chake, kwenye ukuta wa matofali ya kuchoma, palikuwa na tundu. Kupitia tundu lile niliona barabara, na mtu anapita na baiskeli yake bila habari yoyote.

Loisi akasimama polepole. Aliingiza ngumi yake kwenye lile tundu, ikaenea. Akaichomoa, akaitazama, akaiingiza tena. Ludovick alikuwa amepiga magoti, anaomba msamaha.

"Inuka," Loisi akamwambia. "Ludovick, nani alikufundisha bunduki hii?"

"Yule kaka niliyempokea lindo, dada. Alinionyesha."

"Hakukufundisha, basi. Alikuonyesha tu."

Aliirudia kauli hiyo mchana kutwa, hata tulipokuwa peke yetu getini. Sote tulikuwa tumepitia mgambo, lakini kule tulifyatua risasi chache tukarudi nyumbani. Kampuni yetu ilikuwa inamleta mkufunzi mara moja kwa mwaka, anazungumza saa kadhaa, anakunywa soda, anaondoka. Kesho yake Loisi alikwenda ofisini kwa meneja wetu, Bwana Abdulwahab, na mimi nikamsindikiza.

"Shikamoo, bosi. Nataka niwe mkufunzi wa silaha."

Bwana Abdulwahab hakumcheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alimweleza kwamba kuna chuo cha walinzi njia ya Manyoni kinachotoa cheti cha ukufunzi. "Ukija na cheti, kazi ya kufundisha ni yako," akasema. "Ila ada siwezi kukulipia. Nikikulipia wewe, kesho nitakuwa na foleni mlangoni."

Ada yenyewe tulipoisikia, tulitoka pale tukihesabu kwa vidole. Ilikuwa kama mshahara wake wa nusu mwaka, kama angeweza kuishi nusu mwaka bila kula wala kulipa karo ya watoto.

Loisi hakuwa na kitu cha kuuza isipokuwa zabibu. Marehemu baba yake alimwachia kipande cha shamba la mizabibu kijijini kwao wilayani Chamwino, mbele kidogo ya Buigiri, na mama yake mzazi, Mama Angelina, ndiye aliyekuwa akilitunza. Mgeni akifika Dodoma wakati wa kiangazi hawezi kuamini kinachotokea kwenye mashamba yale. Ardhi nyekundu imepasuka, majani yote yamekauka mpaka yanavunjika ukiyakanyaga, halafu katikati ya ukame huo kijiti kilichopogolewa mpaka kikafanana na kuni kinatoa vichala vyeusi, vizito, vinavyodondosha asali. Mimi ni mtu wa mlimani, kwetu Kondoa nimezoea kuona mazao. Lakini siku ya kwanza Loisi aliponipeleka pale nilisimama kwenye mstari wa mizabibu nikasema "Subhanallah" mpaka Mama Angelina akacheka.

"Mbukwenyi," akanisalimu kwa Kigogo. "Kumbe Mrangi naye anashangaa?"

Kila siku ya mapumziko Loisi alikuwa shambani. Alitoka lindoni alfajiri, akapanda gari la Buigiri na sare yake mwilini, akabadilisha nguo nyuma ya nyumba ya mama yake, akashika mkasi wa kupogolea. Mwezi wa nane mavuno yakafika, mazuri kuliko ya mwaka uliotangulia. Ndipo wanunuzi wa zabibu za mvinyo wakaja, wakajaza malori kwa majirani, wakasema matangi yamejaa. Shamba la Loisi halikufikiwa.

Zabibu haikungojei. Ukiiacha siku chache nyuki wanaijia, halafu nzi. Nilidhani huo ndio mwisho wa habari ya cheti. Mume wake, Yotham, ni fundi wa kuchomelea mageti palepale Kizota. Alisikiliza habari yote akiwa amevaa miwani yake myeusi, asiivue.

"Mnataka jua," akasema mwishowe. "Dodoma jua tunalo."

Akaunganisha mabaki ya vyuma vya karakana, akavitandikia nyavu, vikawa vichanja virefu vya kuanikia. Mama Angelina na majirani zake wakachagua zabibu punje kwa punje, wakazifunika kwa vyandarua nzi wasitue, na jua la Septemba likafanya kazi yake. Zilipokauka tukazitia kwenye magunia safi. Mimi nikasema tusiziuze sasa. Tungoje Ramadhani ikaribie, nizipeleke Kondoa kwa shangazi zangu wenye maduka, maana mwezi ule hakuna pilau wala futari inayokataa zabibu kavu.

Nilizipeleka Februari. Shangazi yangu Naima alizionja dukani kwake, akafumba macho, akauliza zimetoka nchi gani. Nikamwambia zimetoka Chamwino. Hakuniamini, lakini alinunua zote. Niliporudi na kumkabidhi Loisi mfuko wa fedha, alikaa nao mapajani bila kuufungua, akitazama mlango. Halafu akasema, "Mama Asma, sasa naogopa kweli."

Akaenda. Mambo ya chuoni alinisimulia mwenyewe baadaye, kidogo kidogo, zamu kwa zamu.

Mwalimu wao mkuu alikuwa Afande Ulimboka, mwanajeshi mstaafu mwenye mvi na sauti ya chini. Siku ya kwanza hakuwapa bunduki. Aliweka debe lililojaa maji juu ya kisiki, akarudi nyuma hatua kadhaa, akapiga risasi moja tu. Loisi aliniambia debe lilifunguka kama ua. Maji yalipanda juu, yakasimama hewani kidogo, yakaanguka. Afande akaokota lile bati lililochanika, akalipitisha mkono kwa mkono. Kila aliyelishika alishusha sauti yake kama mtu aliyeingia kanisani.

"Mtu ni maji na ngozi," Afande akasema lilipomrudia. "Haya, tuanze."

Katika kulenga shabaha Loisi aliwapita wanaume wote wa darasa lile. Ila siku ya mtihani wa kufundisha, akiwa amepewa mwanafunzi mgeni wa kumwongoza, alishindwa. Afande alimwita pembeni.

"Unalenga vizuri sana, mama. Lakini mtu yule hukumfundisha. Ulimwonyesha."

Loisi aliniambia maneno yale yalimwingia kuliko ile risasi ya Kizota. Akakubaliwa kurudia mtihani na kundi lililofuata, ila chakula na malazi ya siku za kungoja yalikuwa juu yake, na fedha za zabibu zilikuwa zimekwisha. Akakubaliana na mpishi wa chuo, dada mmoja aitwaye Munira: amsaidie jikoni, naye apate sahani na kitanda. Jikoni humo ndimo alimojifunza kufundisha. Alimpa Munira mchi wa kutwangia, akamwambia, "Hii ni bunduki. Sasa niambie inakutisha wapi." Munira alisema inamtisha kwenye kidole. Basi wakaanza na kidole: kikae nje ya triga, kimenyooka, mpaka moyo na macho vikubaliane. Huku ugali unachemka, Munira alijifunza kusimama, kuvuta pumzi, kuachia pumzi, na kujua wakati wote mdomo wa ule mchi unaelekea wapi.

Mtihani uliporudiwa, Loisi aliomba mwanafunzi wake awe Munira. Afande akakubali. Mpishi yule, aliyekuwa hajawahi kugusa bunduki maishani, aliipakia, akalenga, akapiga bango la shabaha, akazitoa risasi zilizobaki, akaiweka chini mtutu ukiwa umeelekea kwenye kilima. Afande Ulimboka alivua kofia yake. Ndivyo Loisi alivyopata cheti.

Sasa nifike kwenye kile nilichokiona kwa macho yangu.

Bwana Abdulwahab alitimiza ahadi. Darasa la kwanza la Loisi lilikuwa letu sisi wenyewe, walinzi wa kampuni, kwenye uwanja wa shabaha tuliokodi nje ya mji, chini ya kilima cha mawe. Nyuma ya mstari wa kupigia kulikuwa na banda la mabati la kujikinga jua. Asubuhi yote ilikwenda vizuri. Loisi alipita nyuma yetu kwa sauti yake ileile ya kawaida, akigusa kiwiko cha huyu, bega la yule.

Zamu ikamfikia Fabian. Huyu ni mtu mzima, mwili mkubwa, zamani alikuwa na bucha. Alilenga, akabana triga, kimya. Akabana tena, kimya. Kitufe cha usalama kilikuwa kimefungwa na yeye hakujua. Akafanya ambacho binadamu yeyote hufanya kitu kikimgomea: akageuka kumtafuta mwalimu.

"Mwalimu, imegoma hii," akasema, na dole gumba lake linahangaika na kile kitufe.

Mtutu ulipita mbele ya macho yetu sote tuliokaa bandani. Niliuona ule mdomo mweusi, mviringo. Nilijiambia nilale chini, na mwili ukakataa. Hakuna aliyelala. Tulikaa tu kama picha.

Loisi hakupiga kelele. Wala hakukimbia, na hilo ndilo ninalolirudia kichwani mpaka leo. Alitembea. Alitembea kuielekea ile bunduki, ubavuni mwa Fabian, kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni mzigo. Kiganja chake kikaingia chini ya mtutu kikauinua juu, na palepale kitufe kikaachia, kidole cha Fabian kikiwa bado pale pasipotakiwa.

Safari hii mlio niliusikia. Ulipiga kilima ukarudi. Halafu kikaja kimya, na ndani ya kimya kile tukasikia juu ya mabati sauti ndogo, nyepesi, kama mtu anamwaga uwele kwenye ungo. Vilikuwa ni vigololi vinavyojazwa ndani ya risasi ya shotigani, vinaturudia kutoka mbinguni. Vikabingirika, vikadondoka kwenye ukingo wa bati mbele ya miguu yetu. Ludovick, aliyekuwa karibu yangu, aliokota kimoja, akakitazama kwenye kiganja. Bwana Abdulwahab, aliyekuja kutazama darasa, alikuwa amesimama bila kujua amesimama.

"Fabian," Loisi akasema, bunduki ikiwa sasa mkononi mwake, imefunguliwa, tupu. "Kaa chini. Kunywa maji."

"Mwalimu, nimeua mtu?"

"Hujaua mtu. Kunywa maji yote."

Alipomaliza maji, Loisi akachuchumaa mbele yake, akamwuliza kidole kilikuwa wapi, mdomo wa bunduki ulikuwa wapi, na ikigoma tena atafanya nini. Fabian akajibu moja baada ya jingine. Kisha Loisi akamwinua, akamrudisha kwenye mstari, akasimama ubavuni kwake mpaka mtu yule akapiga vizuri. Mimi ningemfukuza uwanjani. Nafikiri wengi wetu tungemfukuza, naye angekwenda zake na woga wake kulinda mahali pengine.

Tulipomaliza nilimkuta nyuma ya banda, ameegemea nguzo. Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi na jua lote lile.

"Ulijuaje, Loisi?"

"Sikujua, Mama Asma. Nilishtukia nimeshafika." Akafuta uso kwa mkono wa sare. "Usimwambie Yotham leo. Nitamwambia mwenyewe, akishakula."

Jioni tulirudi mjini kwa bajaji, akaniomba tupitie sokoni anunue mlenda. Mwenye mlenda alikuwa mama mmoja mkali, anajulikana kwa kutopunguza bei hata kwa ndugu yake. Loisi alimsalimu shikamoo, akataja bei yake taratibu, akatulia. Yule mama akamtazama, akaitazama na sare, akafunga fungu, akaongeza na majani mengine juu.

"Wewe unafanya kazi gani, mwanangu?" akauliza.

"Mimi ni mwalimu, mama," Loisi akasema, akapokea mboga yake kwa mikono miwili.