Pepo Anayeogopa Kidonge

Yusta Akonaay aliporuhusiwa kutoka hospitali ya Haydom, mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji kuanzia vidoleni mpaka karibu na kiwiko. Abiria aliyekaa naye kwenye basi alimpa pole, akarudia tena, kisha akageukia dirishani alipoona hajibiwi. Yusta hakuwa mtu wa kiburi. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa bado haijaamua imwangukie nani.

Kifafa kilimwanza akiwa msichana, siku wanavuna maharage. Alianguka kati ya matuta, akazinduka akiwa amejiuma ulimi, majirani wamesimama mbali kidogo wakimtazama kama mtu aliyerudi kutoka mahali pabaya. Wakati huo alikuwa ameshachumbiwa. Familia ya mchumba ilituma ujumbe wa adabu kabisa kwamba mambo yasubiri kwanza. Yakasubiri mpaka yule kijana akaoa kwingine na kupata watoto. Yusta akabaki nyumbani na mama yake, Paskalina, mjane aliyelima mahindi na maharage kwenye mteremko wa shamba linalotazamana na Mlima Hanang. Walikuwa na ng'ombe wachache, na nguruwe waliojitafutia wenyewe, wakizunguka nyuma ya nyumba na vichakani bila zizi, kama nguruwe wa kila mtu pale kijijini.

Mahali pekee alipokuwa mtu kamili ni kwaya. Alikuwa na sauti nyembamba, kali, iliyopanda bila kutetemeka, na alipoanzisha wimbo hata wazee waliokuwa wakisinzia waliinua vichwa. Kwenye kwaya hakuna aliyemkumbuka kama yule anayeanguka.

Baadaye jirani mmoja alimshauri aende hospitali. Akaenda, akapewa vidonge vya kumeza kila siku, na kuanguka kukapungua mpaka akaanza kusahau. Alianza kupika peke yake. Alianza kuteka maji bila kusindikizwa. Ukimuuliza wakati ule, angekuambia kwamba Mungu amemjibu, na kwamba jibu linakaa kwenye kichupa juu ya rafu.

Ndipo akaja Mtumishi Vicent kuchunga kanisa lao dogo la tofali kando ya barabara. Tusimsingizie: hakuwa mtu mwovu. Alikaa na wagonjwa, alishika jembe kwenye makaburi ya watu asiowajua, na alipofiwa mtu alikuwa wa kwanza kufika. Watu walimpenda, na Paskalina alimpenda kuliko wote. Lakini Mtumishi Vicent aliamini kwamba dawa ni ya watu ambao Mungu hajawafikia bado.

Jumapili moja alimwita Yusta mbele ya kanisa zima.

"Yusta, unamwamini Yesu?"

"Namwamini, Mtumishi."

"Unaamini anaponya?"

"Naamini."

"Basi vile vidonge nyumbani ni vya nani? Ni vya Yesu, au ni vya kumsaidia Yesu?"

Watu wakacheka, wengine wakapaza sauti, "Ameni!" Yusta akainamisha kichwa. Akawekewa mikono, pepo akakemewa, akatangazwa mzima. Walipofika nyumbani, Paskalina alichukua kichupa kwenye rafu huku akilia kwa furaha, akaenda kukitupa shimoni. Yusta alimwona. Hakumzuia, kwa sababu siku ile naye alitaka iwe kweli kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Pepo aliondoka kwa muda mfupi tu. Yusta alikuwa anasonga ugali alipoanguka, na mkono wake ukaingia kati ya mafiga, ukakaa humo mpaka mama yake alipokimbia kutoka zizi la ng'ombe baada ya kusikia harufu.

Kuungua hakukumtia hasira. Kilichomtia hasira ni maneno. Mtumishi Vicent alikuja kumwona kabla hajapelekwa Haydom, akapiga magoti kando ya kitanda, akaomba vizuri sana, kisha akasema kwa upole, "Dada yangu, imani yako ilianguka kabla wewe hujaanguka."

Maneno hayo aliyabeba mpaka wodini.

Daktari aliyemhudumia aliitwa Helena, mwanamke wa makamo kutoka Kagera aliyehamishiwa huku. Aliposikia vidonge vilivyoachwa ghafla vimetupwa wapi na kwa nini, alitupa kalamu mezani.

"Hivi nyinyi watu mtaacha lini haya mambo yenu ya makanisani? Ungeweza kufa!"

"Nilaumu mimi, daktari," Yusta alisema. "Mlaumu na mchungaji wangu. Lakini Mungu wangu usimtukane. Wewe unanitibu mkono; hujapewa ruhusa ya kunitenga naye."

Daktari Helena akavuta kiti.

"Nisamehe," alisema. "Mimi mwenyewe nasali kabla sijashika mgonjwa. Nimekasirika kwa sababu hii siyo mara ya kwanza. Ngoja nikuonyeshe kitu."

Akamwonyesha picha ya kichwa chake. Ndani ya ule weupe na weusi kulikuwa na vidoa vidogo, kama punje zilizomwagika. Akamweleza taratibu. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye malengelenge, isiyoiva, anapata mnyoo tumboni. Mnyoo unataga mayai, mayai yanatoka na haja kubwa. Mtu huyo asiponawa mikono, mayai yanaingia kwenye chakula cha wengine, na anayeyameza hayo mayai, vijidudu vyake vinaweza kupanda mpaka kwenye ubongo vikakaa humo.

"Kwa hiyo mimi sikuponzwa na nyama," Yusta alisema.

"Hapana. Umeponzwa na mayai yaliyotoka kwa mtu mwenye mnyoo. Anaweza kuwa mtu yeyote, hata wewe mwenyewe. Ila mara nyingi ni mtu wa nyumba moja."

Maisha yake yote aliyempikia Yusta ni mtu mmoja: mama yake.

Aliposhuka kwenye basi na kufika nyumbani, jua lilikuwa bado kali. Paskalina alikuwa uani anapepeta maharage. Aliacha ungo, akaja amenyoosha mikono.

"Bwana asifiwe, mwanangu! Umerudi!"

"Vidonge vyangu ulivitupa kwa mkono gani?"

Mikono ya mama ikashuka. "Mtumishi alisema..."

"Sikuulizi yeye alisema nini. Nakuuliza wewe, mama uliyenizaa. Ulikuwa unaona sianguki. Ulikuwa unaona napika, nateka maji, nalala. Ukachukua, ukatupa!"

"Nilitaka upone kabisa."

"Nilikuwa nimepona vya kutosha!"

Kisha akamwambia yote. Hakutafuta namna ya kulainisha. Alimwambia habari za mnyoo, mayai, nguruwe wanaozurura vichakani kule ambako nusu ya kijiji inakwenda kujisaidia, nyama ya sherehe inayochomwa haraka haraka kwa sababu watu wana njaa, na mikono isiyooshwa. "Hakuna pepo, mama. Hajawahi kuwepo. Ilikuwa ni mikono. Huenda yangu. Huenda yako."

Paskalina alikaa chini palepale, kwenye maganda ya maharage. Kisha alisema, "Afadhali pepo."

"Unasemaje?"

"Nasema afadhali angekuwa pepo. Pepo nimemfungia kula, nimemkeshea, nimemkemea mpaka koo likakauka. Nilikuwa na adui. Huyu mnyoo wa daktari wako nimkemee vipi? Nijikemee mimi?"

Yusta alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Alikuwa amejiandaa hata kwa laana. Si kwa jibu hili. Na bado hasira haikumtoka. Ilizidi, kwa sababu sasa ilikosa hata mama wa kuiangukia. Nguruwe jike alipita akinusa karibu na mlango wa jiko. Yusta alimpiga teke, mnyama akalia na kukimbilia mahindini, naye Yusta akasimama pale akilia kwa sauti kama mtu aliyepigwa.

Jumapili alikwenda kanisani. Wakati wa ushuhuda ulipofika alinyoosha mkono wa bandeji, na Mtumishi Vicent, ambaye huenda alidhani amekuja kutubu, akampa kipaza sauti.

"Bwana asifiwe," Yusta alisema.

"Ameni!"

"Niliambiwa hapa kwamba nina pepo. Nilipomeza kidonge, pepo hakuja. Kilipotupwa kidonge, akaja. Naomba Mtumishi anisaidie kuelewa. Ni pepo gani huyu, haogopi maombi ya kanisa zima, anaogopa kidonge?"

Hakuna aliyesema ameni. Mtumishi Vicent akasogea. "Dada, huo siyo ushuhuda. Hiyo ni sauti ya adui."

"Sauti hii unaijua vizuri, inaimba hapa kila Jumapili!" Alipaza sauti, na kipaza sauti kikapiga mluzi. "Uliniambia imani yangu ilianguka. Imani yangu iko hapa, imesimama, ndiyo maana nimekuja kanisani na sijaenda kwa mganga. Aliyeumba mlima ule ndiye aliyempa daktari akili ya kuona ndani ya kichwa changu. Wewe unamchagulia Mungu mkono wa kuniponyea? Nani amekutuma?"

Akawaeleza watu habari za mnyoo. Aliposema nyama yenye malengelenge, baadhi ya wanaume walitazama chini, kwa maana kila mmoja aliwahi kuiona na kuila. Aliposema vyoo, mama mmoja alitoka na watoto wake, akisema kwamba haya hayasemwi madhabahuni. Mzee wa kanisa alimwomba arudishe kipaza sauti. Akarudisha, akaketi benchi la mbele, akabaki mpaka baraka za mwisho. Paskalina hakuwepo.

Wiki ile aliondolewa kwenye kwaya. Waliomwambia ni wenzake aliowafundisha sauti, na walimwambia kwa ujumbe wa simu. Hilo lilimuuma kuliko moto. Hakuhama kanisa. Kila Jumapili alikaa benchi lilelile na kuimba kutoka pale, kwa nguvu, mpaka kwaya yenyewe ikawa inafuata mwendo wake bila kutaka. Mtumishi Vicent alihamishiwa Babati baada ya mavuno. Aliaga watu nyumba kwa nyumba, nyumba ya Yusta akaipita. Kwa hiyo hakuombwa msamaha, na hakusamehe. Aliposomewa habari za kusamehe saba mara sabini alikunja uso, akasema Mungu anajua kwamba yeye bado analishughulikia.

Paskalina naye alikwenda kituo cha afya bila kuaga, akapewa dawa ya minyoo, akameza. Halafu siku moja asubuhi Yusta alimkuta anachimba mashimo ya nguzo nyuma ya nyumba, peke yake, mwanamke wa umri ule.

"Ni ya nini hayo?"

"Zizi la nguruwe." Hakuinua kichwa. "Choo nacho tutakijenga. Nishikie hii nguzo, mkono wako mzima unatosha."

Yusta akashika. Mama alishindilia udongo kwa nguvu ambayo haikuhitajika.

Zizi lilikuwa halijapata lango siku Marieta, jirani wa upande wa chini, alipokuja na kusimama mbali kidogo, akijifunga na kujifungua mtandio. Marieta alikuwa mwanakwaya. Simu yake ndiyo iliyoandika ule ujumbe wa kumwondoa Yusta kwenye kwaya.

"Mume wangu anaanguka," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Tulikuwa tunaficha. Tulikuwa tunaombewa."

"Mwaka juzi!" Yusta alitupa nyundo. "Mwaka juzi, Marieta, na ulikuwa unanitazama mimi nasimama pale mbele nikiitwa mwenye pepo? Ulipiga makofi! Nilikuona!"

Marieta akaanza kulia. Yusta hakumbembeleza. Alinawa mikono kwa sabuni, hata ule wenye kovu, taratibu, mpaka viwiko, akachukua sweta msumarini.

"Kamwamshe," alisema. "Na avae viatu. Basi la Haydom halimsubiri mtu."