Siku Niliyomfasiria Bibi Tenisi

Majani yaliyokatwa alfajiri, yakiwa bado na umande, yana harufu inayonirudisha moja kwa moja Wimbledon, kwenye bustani pana ambako watu hupanga foleni kuingia kutazama tenisi. Nilikuwa na miaka tisa. Mimi na Mama tulikuwa tukiishi Edmonton, upande wa pili kabisa wa London, katika nyumba ambayo kuta zake zilipitisha kila kikohozi cha jirani. Kiangazi kile Bibi, mzazi wa Mama, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Pemba. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona, niliugua haya. Kiswahili nilikielewa chote, lakini ulimi wangu ulikuwa wa Kiingereza. Bibi akinisemesha, nilijibu kwa Kiingereza au nilitikisa kichwa, kisha nikakimbilia televisheni. Hakunigombeza. Alinitazama tu kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu.

Mama alikuwa akilea wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, zamu za usiku, na kabla ya safari ya Bibi alibakiwa na siku moja tu ya mapumziko. Nilidhani ataitumia kulala. Badala yake alirudi kutoka kazini asubuhi, akaoga, akavaa vizuri, akasema, "Haya, twendeni tukaone tenisi. Bibi yako ameutazama mpira ule kwenye televisheni wiki nzima. Na auone kwa macho yake kabla hajaondoka." Nilifurahi hadi nikavaa viatu kinyume. Bibi alifunga sambusa kwenye kitambaa, akajaza chai ya maziwa kwenye chupa, akajitanda kanga mpya.

Foleni ilikuwa ndefu kama ya kuingia harusi ya tajiri, ila ilikwenda kwa adabu ambayo sijapata kuiona tena. Watu walikuwa wamelala pale kwenye mahema, wengine wakicheza karata. Mvua ya rasharasha ilianza na nikaogopa kwamba tutarudishwa nyumbani. Bibi hakujali. Alikunjua kanga yake ya pili, akatufunika sote watatu, kisha akaanza kuwagawia majirani sambusa. Mzee mmoja wa Kiingereza, aliyekaa na mkewe kwenye viti vya kukunja, alitupa stroberi zilizomwagiwa malai. Bibi akatafuna moja polepole, uso ukakunjamana. "Tunda zuri," alisema, "ila limenuna." Nilicheka. Naye alinigeukia haraka, kana kwamba amesikia mlango ukilia.

Tulipoingia tulipata benchi kwenye kiwanja kidogo cha pembeni, karibu sana na wachezaji kiasi cha kusikia pumzi zao. Walikuwa wasichana wawili tusiowajua. Mama hakumaliza hata dakika chache; alisinzia ameketi, kichwa kwenye mkoba. Bibi akabaki na mimi tu. Alimchagua yule mwembamba aliyefungwa bandeji gotini. "Huyu ndiye wangu," alisema. "Hana anayempigia makofi." Kisha akanionyesha mwamuzi kwenye kiti chake kirefu. "Na yule bwana, mbona kila mara anasema peke yake?"

Nilimtazama Mama. Alikuwa akikoroma. Nikasema, "Anahesabu, Bibi."

Yalikuwa maneno mawili tu, nayo yalitoka yamepinda, lakini Bibi hakucheka wala hakushangilia. Aliuliza tu swali jingine, kama vile tumekuwa tukizungumza hivyo maisha yetu yote. Ikabidi nimweleze wavu, mistari, na kwa nini hesabu inaruka ovyo. "Na asiyekuwa na kitu," nikamwambia, "wanasema ana mapenzi."

"Mapenzi?"

"Ndiyo. Sifuri wanaiita 'love', yaani mapenzi."

Bibi aliangua kicheko hadi machozi yakamtoka. "Basi hawa wanayajua!"

Tangu hapo sikunyamaza. Neno nililolikosa nililizunguka, naye alinipokea upande wa pili. Msichana wetu alipofukuza mpira mmoja hadi ukingoni akaurudisha na kupata pointi, Bibi alisimama akapiga vigelegele ambavyo nadhani vilifika barabarani. Mama aligutuka. Mwamuzi aliinama kwenye kipaza sauti akaomba ukimya. "Anasemaje?" Bibi akaniuliza. "Anasema unyamaze." Bibi akaketi, akajifunika mdomo kwa kanga, mabega yakitikisika. Msichana alikuwa amegeuka kutafuta sauti ile inatoka wapi, naye alikuwa akitabasamu.

Hata hivyo alishindwa. Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini wakati akipita kando ya uzio na mifuko yake macho yalikuwa mekundu. Bibi alinyoosha mkono akamshika kiganja. "Pole, mwanangu," alimwambia. "Pole sana." Msichana akanitazama mimi, akisubiri. Nilitafuta Kiingereza cha pole na sikukiona. Kilichokuja mdomoni, 'sorry', kilikuwa cha mtu aliyekosea, na Bibi hakuwa amekosea kitu. Mwishowe nikamwambia, "Anasema na yeye imemuuma." Msichana aliweka mifuko chini, akamkumbatia Bibi juu ya uzio, akalia kidogo, akacheka, akaenda zake. Kwenye treni ya kurudi nilizungumza Kiswahili hadi Mama akaniomba nipumue.

Bibi hakurudi tena London, lakini kila Ijumaa tulizungumza kwa simu mpaka alipofariki. Leo naishi Croydon, na tiketi za Wimbledon huombwa kwa kubofya simu. Binti yangu humwona bibi yake, yaani Mama, kwenye kioo cha simu kila siku. Mimi na Bibi tulipewa kiangazi kimoja, na karibu chote nilikimaliza kwa kutikisa kichwa. Sisemi zamani ilikuwa bora. Lakini mwaka huu nilipopata tiketi mbili, niliwapa wao wawili, mimi nikabaki nyumbani kufua. Jioni niliwasikia ngazini kabla sijawaona, wakibishana kama mpira wa mwisho ulikuwa ndani au nje, mmoja kwa Kiswahili, mwingine kwa Kiingereza, na hakuna aliyetaka mkalimani. Nilifungua mlango. Walinipita bila hata kunisalimu.