Tusajigwe na Maji ya Chini ya Ziwa

Basi lilipofika Iringa, kondakta aliyeitwa Kasian alinusa sanduku la Tusajigwe, akataka lishushwe.

"Dada, umebeba nini humu? Maiti?"

"Chupa za dawa. Natunzia vijidudu vya majini."

Kasian alimtazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani. Mwanamke, peke yake, anatoka Pwani na dawa ya kutunza vijidudu! Alimwacha aendelee na safari, ila sanduku likafungwa juu ya paa, na mama aliyekaa naye tangu Morogoro akahamia kiti cha nyuma.

Ilikuwa Juni, 1956. Tusajigwe alizaliwa kwenye vilima vya Rungwe, jirani na ziwa dogo lililojaa ndani ya shimo la volkano ya zamani. Hospitali ya misheni ilimfundisha kutumia hadubini, na daktari mmoja aliyehamia Pwani akamtafutia kazi kwenye kituo cha uchunguzi wa bahari. Pale alikuwa Mwafrika wa kwanza, tena mwanamke, kupewa meza yake ya uchunguzi. Alichora viumbe wadogo kuliko punje ya ulezi, na swali moja likamkaa kichwani: kwa nini miezi fulani bahari hujaa uhai, na miezi mingine huwa kama imefagiliwa? Alihisi jibu liko chini, kwenye maji yasiyoona jua. Lakini wanawake hawakupandishwa kwenye meli ya uchunguzi. Basi akaomba likizo, akaenda kupima ziwa la kwao.

Nyumbani walimpokea kwa ndizi na maziwa ya mgando. Kaka yake, Gideoni, alisubiri amalize kula.

"Wamekutuma uje kuchota maji yetu?"

"Hawakunituma, kaka. Nimekuja mwenyewe."

"Hapo ndipo ninapoogopa zaidi."

Kila asubuhi Tusajigwe aliingia ziwani kwa mtumbwi, akashusha kwa kamba chupa ya chuma iliyojifunga yenyewe ikifika chini. Wanawake waliokuja na mitungi walisogea kando akipita. Wengine walisema ziwa linapimwa ili wapewe walowezi. Wengine walitaja mumiani, wakawaficha watoto wao.

Kisha ukavuma upepo wa baridi, siku nyingi mfululizo. Siku ulipotulia, ziwa zima lilikuwa jeupe kwa matumbo ya samaki waliokufa.

Malafyale, chifu wao, aliitisha baraza. Aliyesimama kwanza alikuwa Asukile, mvuvi mwenye mitumbwi, rafiki wa marehemu baba yake Tusajigwe.

"Nimevua hapa tangu ujana wangu," alisema. "Samaki wamekufa baada ya chupa zake kuingia. Mimi sina zaidi."

Tusajigwe alipiga magoti. Akamwita mzee baba, kwa lugha ya kwao. "Tata Asukile, sikutia kitu. Maji ya chini hayana hewa, samaki hawezi kuishi humo. Baridi imeyapoza ya juu, yakawa mazito, yakazama. Ya chini yakapanda."

"Maji yanapanda kama mbuzi?" mtu aliuliza, na watu wakacheka bila furaha.

"Basi chota wewe, Tata. Kamba iwe mikononi mwako, mimi nikae nchi kavu."

Malafyale alikubali. Asukile aliikagua chupa, akaiosha, akatia kidole ndani, akakilamba. Alipiga kasia hadi katikati, na baraza zima likasimama ukingoni likimtazama. Aliporudi akaifungua mbele ya chifu. Harufu ya mayai viza iliwapiga usoni.

"Inatoka chini," Asukile alisema polepole. "Ni ileile iliyokuwa juu samaki walipokufa." Kisha akamgeukia Tusajigwe. "Sawa. Umejuaje, kama si wewe uliyeyaita?"

Tusajigwe aliinyooshea kidole chupa, watu wakaguna. Malafyale aliamua asifukuzwe, lakini asiingie ziwani tena bila Asukile. Wiki zilizobaki wawili hao walikaa kwenye mtumbwi mmoja, yeye akishusha chupa, mzee akikazia macho mikono yake.

Aliporudi Pwani, mkuu wa kituo alisoma maelezo yake mara mbili, akamwuliza ni nani aliyemsaidia kufikiri. Tusajigwe alichora ziwa ubaoni na kueleza kila hatua hadi mkuu akaacha kuuliza. Hata hivyo ilichukua miaka mitatu kumpandisha melini.

Mwaka 1959 aliondoka na meli hiyo kwenda bahari kuu, kutafuta mahali maji ya chini yanapopanda na kulisha samaki. Nahodha hakutaka mwanamke ndani ya chombo chake, akasimama nyuma yake kila chupa iliposhuka. Waliporejea bandarini alikiri kwamba hajaona mtu mwenye mkono imara kama ule, akaomba safari ijayo apewe Tusajigwe tena. Lakini chumba cha ramani aliendelea kukifunga kwa ufunguo kila Tusajigwe alipokaribia.