Kuhama kwa Gunia la Viazi

Siku ile naikumbuka kwa sauti ya sufuria zikigongana ndani ya gunia, mwanangu, na hadi leo nikisikia sufuria zikilia hivyo moyo wangu hushtuka. Nakusimulia kwa sababu nimesikia kwamba unapanga kutoka hiyo nyumba yako ya Free Area bila kumwambia mwenye ploti. Usiniulize nimesikia wapi. Nakuru hii ina masikio.

Wakati huo nilikuwa mke mchanga wa Barasa, na Wekesa, kifungua mimba wetu, bado ananyonya. Tulipanga chumba namba tano katika ploti moja kule Kaptembwo, yenye geti moja la mabati na bomba moja la maji. Mwenye ploti alikuwa Mama Nyambura, mkulima wa viazi wa Dundori, mama wa makamo asiye na maneno mengi. Kila Jumamosi aliteremka na lori la mzigo, akauza sokoni, kisha akapita kutuona. Ploti ilisimamiwa na kijana aitwaye Kim, ambaye macho yake yalikuwa kila mahali isipokuwa kwenye kazi yake.

Barasa akapata kazi Gilgil. Tulipoingia tulikuwa tumekubaliana kwamba anayehama atatoa notisi ya mwezi mmoja. Jambo rahisi, sivyo? Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi tulikuwa tumeona jirani akiumwa. Yule wa namba tatu alitoa notisi kwa adabu. Kesho yake Kim akaanza kumwingizia watu wa kutazama nyumba, hata akiwa anakula, na siku ya kutoka dipoziti yake ikaliwa na nyufa ambazo alizikuta ukutani. Isitoshe, Jumamosi moja Mama Nyambura alikuja kwangu, akasimama katikati ya chumba, akaitazama dari, akaitazama tena, akasema, "Haya," akaenda zake. Haya nini? Nikamwambia Barasa, huyu mama anajua kitu.

Hapo ndipo tulipojiona werevu. Dipoziti ingelipia mwezi wa mwisho, nasi tungehama kidogo kidogo bila mtu kujua. Vyombo tungevitia kwenye magunia ya viazi, Barasa ayabebe mchana peupe hadi stejini kwenye matatu, na akiulizwa aseme anampelekea kaka yake wa Gilgil viazi vya kuuza. Nani Nakuru atashangaa kuona gunia la viazi? La kwanza likapita. La pili likapita. Kim akaniuliza bombani, "Mathe, kwani bro wa mzee amefungua hoteli?" Nikacheka, na kicheko changu mwenyewe nikakishuku.

Njia ya mwongo ni fupi. Gunia la tatu lilitoka Jumamosi asubuhi. Nilikuwa mlangoni na mtoto mgongoni, Barasa amekaribia geti, niliposikia Mama Brayo wa namba mbili akilia kwamba mtungi wake wa gesi umeibwa. Kim akalisukuma geti, likajifunga.

"Boss, weka hiyo gunia chini."

"Ni viazi tu, Kim."

"Kila wiki viazi, na hakuna mtu amewahi kukuona ukinunua. Fungua tuone."

Barasa hakufungua. Aliona akifungua, siri yetu ya kuhama imekwisha. Lakini mtu anayekataa kufungua gunia, mwanangu, watu wameshamhukumu. Vijana wa bodaboda walisikia neno mwizi, wakapenya getini, na mmoja akaokota jiwe. Unajua mwenyewe mtu anavyofanywa hapa kwetu akishaitwa mwizi. Niliona wazi kwamba nitakuwa mjane kwa ajili ya sufuria zangu mwenyewe. Niliogopa kuliko siku niliyojifungua.

Ndipo Mama Nyambura akaingia, kitambaa kichwani, udongo wa shambani bado kwenye viatu vyake vya gambuti.

"Kuna nini hapa?"

"Ni viazi, mama," Barasa akasema, jasho likimtiririka.

"Viazi ya wapi?"

Na mume wangu, katika mashamba yote ya Kenya hii, akachagua kusema, "Ya Dundori."

Mama hakucheka. Alilisukuma gunia kwa ncha ya gambuti, sufuria zikalia. Akainama, akalegeza kamba, akachungulia. Akamwita Mama Brayo naye achungulie. Kulikuwa na sufuria zangu, shuka, na nepi za mtoto. Mama Brayo akatikisa kichwa. Mama Nyambura akaifunga kamba taratibu, akanyoosha mgongo.

"Hii ni vyombo yao. Hawa watu wanahama. Walinipea notisi kitambo, ni mimi nilisahau kuambia Kim. Na wewe, tupa hiyo mawe! Mnaangalia nini? Endeni mtafute gas kwingine."

Jiwe likaanguka. Vijana wakatawanyika wakinung'unika. Mimi nilibaki nimesimama, kwa maana notisi ambayo mama huyo aliitaja hatukuwa tumempa hata kwa kuota.

Akaingia namba tano, akaketi juu ya dumu la maji, kwa sababu vigoda vilikuwa vimetangulia Gilgil. Hakumtazama Barasa. Alinitazama mimi.

"Mama Wekesa, huyu mtoto alizaliwa kwa hii nyumba yangu. Ungekuja tu useme, 'Mama, tunatoka.' Ningekufanya nini? Sawa, pengine ningekula hiyo deposit. Lakini ungekuwa na mdomo ya kuniuliza. Mliogopa nitawaibia, mkatembea kama wezi. Leo bwana yako angekufa, na vitu ni vyake."

Nililia hapo hapo mbele yake, na mtoto naye akalia kwa kuniona.

Tuliomba radhi, tukatoa notisi ya kweli siku hiyo hiyo, tukakaa mwezi wetu na kuulipia. Siku ya kutoka nilipiga deki, nikamwita mama tutembee chumbani pamoja, tukawasha taa, tukafungua madirisha, nikamwekea ufunguo mkononi. Dipoziti aliturudishia, ingawa alikata kidogo ya rangi, na ile rangi najua haikupakwa. Mtungi wa gesi haukuonekana tena. Nina mtu ninayemshuku, sitamtaja. Na alichokuwa akitafuta Mama Nyambura kwenye ile dari, hadi leo sikijui.

Kwa hiyo sikukatazi kushuku, mwanangu. Mimi ningekukataza nini, nami hufunga mlango kisha nikarudi kuujaribu? Shuku, lakini shuku ukiwa umesimama mbele ya mtu, mchana, mkiangaliana. Mwenye nyumba mwambie mwenyewe, usimtume msimamizi, maana maneno ya msimamizi hufika yakiwa yamechoka. Mwandikie pia, na awepo jirani wa kushuhudia. Mkague nyumba pamoja kabla hujafunga mzigo, na akitaka kula dipoziti yako, ale ukimwona. Wala usitukane wakunga na uzazi ungalipo: utapanga tena, na jina lako litatangulia kufika kabla ya godoro lako. Anayetoka kwa kujificha hawezi kuidai haki yake, hata ikiwa ni yake kabisa.

Nenda leo ukamwambie. Mungu akutangulie huko uendako, akupe nyumba isiyovuja na majirani wasiochoka kukusalimia, na siku ya kutoka akutoe getini huku mzigo wako uko wazi, kila mtu auone, na asiwepo hata mmoja wa kukuuliza umebeba nini.